Tupeane uzoefu: Unashuka Dar na familia kula bahari, unakodi gari au unaachana nalo?

Mama Wawili Njiro
Wakuu, habari za jioni. Desemba shule zikifungwa nimewaahidi wanangu bahari, na ahadi hii nimeisogeza mbele mpaka wameacha kuniamini. Tutashuka Dar mimi, baba yao, watoto wawili (miaka 9 na 4) na mama yangu mzazi ambaye magoti yanamsumbua. Gari letu ni dogo na baba watoto hataki kulishusha Dar na kulipandisha tena Arusha, kwa hiyo kushuka ni kwa basi.

Tukishafika ndipo tunapogombana. Baba watoto anasema bila gari likizo ni kifungo, tukodi tujiendeshe wenyewe. Mdogo wangu anaishi Tabata, yeye anasema gari Dar ni la kukaa nalo kwenye foleni, tutembee na bajaji na teksi za simu. Pa kulala hatujaamua, ni Kigamboni au kule Kunduchi. Waliopita njia hii waniambie yaliyowakuta, hasa waliokuwa na mzee na watoto.

Kijenge Juu
Kodi. Na mzee mwenye magoti hapo hakuna cha kujadili.

Dereva wa Msimu
Mleta mada, swali umelianzia mwishoni. Amua kwanza mnalala wapi, jibu la gari litakuja lenyewe. Mimi naendesha wageni mbugani, msimu ukilegea nashuka Dar na familia, kwa hiyo haya nimeyaona kwa pande zote mbili, kama dereva na kama baba.

Mkilala Masaki au Oysterbay, gari la kukodi litashinda limepaki na wewe unalilipia. Coco Beach mnakwenda kwa bajaji, mnakula mihogo na mishkaki, mnarudi. Boti za kwenda kisiwa cha Bongoyo zinaondokea Slipway pale Msasani, bajaji inawashusha mlangoni. Mkilala Kunduchi, bahari mko nayo hapo hapo, na boti za Mbudya zinaondokea huko huko. Gari mtalihitaji siku mnayotaka kwenda mjini tu, na siku hiyo ndiyo mtakayolichukia, maana barabara ya Bagamoyo asubuhi kuingia mjini na jioni kutoka hata wenyeji inawatoa machozi.

Kigamboni ni habari nyingine kabisa. Fukwe zimeachana sana, kuna Mjimwema, kuna Gezaulole, kuna mpaka Kimbiji huko. Ukishaiacha lami ni mchanga. Usiku bodaboda utampata, ila mama mwenye magoti humpandishi bodaboda. Huko nakubali mkodi, tena gari lililonyanyuka, msichukue la chini.

Kuingia Kigamboni kuna njia mbili. Kuna kivuko pale Magogoni, mtu mzima shilingi 200, na kuna Daraja la Nyerere la Kurasini lililofunguliwa 2016, unalipa tozo unapita. Ukiwa na gari siku ya sikukuu kivuko kiache kabisa. Ukiwa kwa miguu, kivuko chenyewe ni matembezi tosha kwa watoto, wanaziona meli kubwa zinaingia bandarini.

Mrombo Original
Mmesahau kitu kikubwa. Desemba sisi tunapanda! Kuanzia ile wiki ya Krismasi Dar yote ya Kichaga iko barabarani kuja huku, na asiye na gari anakodi huko huko Dar ili kijijini waone amekuja na chuma. Magari ya maana ya kukodi wiki hiyo unayakuta Mkuu, Marangu na Machame yamepaki migombani. Wewe utakayefika Dar unachagua katika yaliyokataliwa. Kama ni kukodi, weka oda Novemba na ulipie kidogo.

Kwenye basi ndiyo umeula. Unashuka wakati wenzako wanapanda, siti unachagua. Januari wao wanashuka, wewe unapanda.

Binti Pasua
Mrombo umesema ukweli mtupu. Kuna jirani yetu kule kijijini alikuja na Prado, tukamwimbia na kanisani, tarehe 2 Prado ikarudi kwa mwenyewe.

Ila mimi nilikuja kusema habari ya stendi. Mabasi yetu sasa yanaishia stendi ya Magufuli, Mbezi. Sisi tulikuwa tumelipia hoteli Mbezi Beach, na shemeji yangu kwenye simu akatuambia mkishuka Mbezi mmeshafika. Tumeshuka usiku, watoto wamelala mabegani, tunamwonyesha dereva wa teksi jina la hoteli, anatuangalia tu. Mbezi ya stendi iko barabara ya Morogoro, Mbezi Beach iko barabara ya Bagamoyo, kati yao mnakata kwa Goba mpaka mtokee Tangi Bovu. Wale vijana wa pale wakijua wewe mgeni, begi lako linavutwa huku na mtoto anavutwa kule. Nilimshika mwanangu mkono mpaka akalia namwumiza.

Ndiyo maana namwambia dada wa Njiro, kama kuna siku ya kulipia gari na dereva bila kuuliza bei mara mbilimbili ni siku ya kufika. Uwe na jina lake na namba ya gari kabla hujapanda basi, akusubiri getini.

Kijenge Juu
Hapo kwenye stendi nakuunga mkono, sitaki hata kukumbuka.

Mzee wa Kiborloni
Uzi huu umenitonesha kidonda. Nilikuwa napita tu kusoma, lakini nikiona mtu anauliza habari ya kukodi gari akiwa na mzee siwezi kunyamaza.

Tulishuka mimi, mke wangu, watoto na mama mkwe. Mama mkwe ana sukari, anachoma insulini asubuhi na jioni. Nilikodi Noah kwa kijana niliyeelekezwa na mtu ninayemwamini. Tuliandikiana mkataba, nikalipa siku zote pamoja na dipoziti, nikapewa funguo na kopi ya kadi. Nilikagua kila kitu ambacho mtu anakagua. Matairi mazima, tairi la akiba lipo, jeki ipo, kiyoyozi kinapuliza, bima haijaisha. Kitambulisho chake na jina la kwenye kadi vinafanana.

Siku hiyo tuko ufukweni Kigamboni. Tumeshakula samaki, watoto wako majini na mama yao, mimi niko kaunta nalipa. Geti likafunguliwa, likaingia gari la kuvuta magari, linarudi kinyumenyume. Nikajua kuna mtu kaharibikiwa. Wakashuka wanaume watatu, mmoja akaenda moja kwa moja kwenye Noah akaifungua kwa funguo. Nikajipapasa mfukoni. Funguo zangu ninazo.

Nilikimbia nikasimama mbele ya boneti. Mkubwa wao alikuwa na bahasha ya kaki. Hakunitukana, na hicho ndicho kiliniogopesha zaidi, kwamba mtu anakufanyia jambo kama lile kwa upole. Akatoa kadi halisi ya gari, jina ni lile lile la kwenye mkataba wangu, na karatasi za mkopo. Akasema, "Mzee wangu, gari hili ni rehani. Mwenyewe ameacha kulipa tangu mwezi wa tano na simu hapokei. Wewe hatuna neno na wewe, toa mizigo yako utusainie." Nikampigia yule kijana. Ikaita, ikakatwa. Nikapiga tena, imezimwa.

Tukatoa mizigo. Mabegi, ndala za watoto, mito, taulo zimelowa, vyote vinapangwa kwenye changarawe, na pale hotelini watu wamesimama wameinua simu wanarekodi. Mama mkwe amekaa kwenye kiti cha plastiki na kitenge chake mabegani, hasemi neno. Mimi namwangalia yeye kuliko ninavyoliangalia gari. Wakalifunga mnyororo, wakaondoka.

Vumbi halijatua, mke wangu akaniuliza, "Kiboksi cha barafu kiko wapi?"

Insulini ilikuwa mle. Kilikuwa kimesukumwa chini ya siti ya nyuma kabisa ili jua lisikifikie, na katika ile haraka, na wale watu wamesimama juu ya vichwa vyetu, hakuna aliyeinama kuangalia.

Ilikuwa saa kumi imepita. Sindano yake ya jioni ni saa moja. Nikapiga ile namba iliyokuwa kwenye karatasi niliyosaini, haipokelewi. Nikarukia bodaboda nikamwambia kijana nifikishe darajani kabla yao. Yule kijana alielewa kwa maneno mawili tu, sukari na mama mkwe, akaiachia pikipiki. Tunafika kwenye tozo, naliona gari la kuvuta upande wa pili linashuka Kurasini na Noah mgongoni. Tukalifuata mpaka Uhasibu, pale taa zikatutenga. Likayeyuka kwenye malori ya barabara ya Kilwa.

Nikaingia kituo cha polisi kilichokuwa jirani. Nilimkuta afande wa zamu, mama mtu mzima. Nikaanza kumweleza habari ya mkataba, akanikatisha, akaniuliza kitu kimoja: "Mgonjwa yuko wapi, na yuko na nani?" Nikamjibu. Akachukua ile namba akapiga kwa simu yake, akajitambulisha cheo na kituo. Dakika ile ile wakataja yadi yao, Temeke. Akamtuma kijana wake mmoja aende na mimi. Tulikikuta kiboksi pale pale chini ya siti, barafu imeanza kuwa maji lakini bado ya baridi. Nimerudi Kigamboni giza limeingia, mama mkwe akachoma sindano yake, akala, akalala.

Pesa ya siku zilizobaki na dipoziti sijaiona mpaka leo, na yule kijana namba yake haipo hewani tena.

Dada wa Njiro, mama yako akiwa na dawa, dawa zikae kwenye mkoba wake begani. Gari liwe la kukodi, liwe la kwako, liwe la dereva wa teksi, dawa zisibaki ndani ya gari hata kama unashuka kununua maji.

Kijenge Juu
Daah. Pole sana mzee wangu. Nimesoma huku nimesimama. Mimi ndiye niliyesema kodi hapo juu, na bado nasema kodi, ila siyo kwa mtu wa namna hiyo.

Soweto ya Moshi
Mzee pole, lakini wale watu walikuonea. Huwezi kuchukua gari mikononi mwa mtu bila karatasi ya mahakama. Ungejifungia ndani ya gari ukapiga simu polisi.

Chalii wa Ngarenaro
Ajifungie ndani na watoto wako majini? Mkuu unaongea kama hujawahi kuwaona hao jamaa kazini. Mkopaji ameshasaini kila kitu siku anachukua pesa, pamoja na kukabidhi funguo ya pili. Ndiyo maana walifungua kama mlango wa kwao.

Soweto ya Moshi
Kusaini kwa mkopaji kunamhusu vipi aliyekodi? Ana mkataba wake na pesa ameshalipa. Au na wewe ni mmoja wao?

Chalii wa Ngarenaro
Nimefanya kazi kwenye ofisi ya mikopo, ndiyo, na niliondoka kwa sababu ya mambo kama haya. Sijasema ni haki, nasema ndivyo inavyokwenda. Usimfundishe mwenzako kupigana na mnyororo wa chuma mbele ya wajukuu.

Kitu kitakachomsaidia dada ni hiki. Ukikodi kwa mtu binafsi, mwambie akuonyeshe kadi halisi ya gari kwa macho yako, siyo kopi. Gari likiwa rehani, kadi halisi inakaa kwa mkopeshaji. Atakuja na hadithi, mara iko kwa mke wake, mara iko benki kwenye kasiki. Hadithi ikianza tu, inuka.

Soweto ya Moshi
Hakuna mwenye gari atakayebeba kadi halisi kumwonyesha mtu aliyetoka Arusha jana. Hata mimi nisingebeba.

Mrombo Original
Akuonyeshe kwa video basi, huku ameshika gazeti la leo.

Kijenge Juu
Mzee wa Kiborloni, samahani kwa swali. Mama mkwe alisemaje kesho yake?

Mzee wa Kiborloni
Alisema, "Baba, leo tupande kivuko." Tukapanda. Alifurahi kuliko siku zote, alikaa dirishani anahesabu meli. Mpaka leo akisimulia Dar kwa watu wa kijijini anasimulia kivuko, habari ya Noah hajawahi kuigusa mbele ya mtu. Ni mama mwenye heshima zake.

Sakina Bima
Mahakama tuwaachie mahakimu. Mimi kazi yangu ni bima, niseme la kwangu.

Gari la biashara Tanzania lina namba nyeupe, gari binafsi lina namba ya njano. Magari mengi yanayokodishwa kienyeji, huku kwetu na Dar, ni ya namba ya njano. Bima yake imekatwa kwa matumizi binafsi. Siku umegonga, au umegongwa, kampuni ikigundua gari lilikuwa limekodishwa inayo sababu ya kukataa kulipa, na hapo utabaki wewe na mwenye gari mnatazamana. Na wengi wana bima ndogo tu, ile inayomlipa uliyemgonga. Gari lenyewe halimo. Uliza kama ni bima kubwa, na stika usiiamini kwa macho, namba ya gari unaiingiza kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kwa simu yako na inakuonyesha kama bima ipo na inaisha lini.

Jambo la pili ni madeni. Faini za trafiki zinakaa kwenye namba ya gari, na ada za maegesho za TARURA, wale wakala wa barabara, nazo zinakaa kwenye namba ya gari. Kabla hujapokea funguo angalia deni, piga picha. Siku ya kurudisha angalia tena, piga picha. La sivyo utapigiwa simu Februari uko Njiro unadaiwa faini za watu wengine, kila kosa 30,000.

Ngaramtoni Namba Njano
Ndugu wa bima mnatuharibia biashara. Mimi nina magari yangu, namba za njano, nakodisha kwa watu ninaowajua, na hakuna aliyelia. Hao wenye namba nyeupe na ofisi za vioo bei zao unaziweza? Mwenye likizo ya familia anatafuta nafuu. Na mkataba wangu uko wazi, ukigonga unatengeneza, ukirudisha bila mafuta unalipia mafuta. Uaminifu ndiyo bima.

Sakina Bima
Uaminifu haulipi hospitali ya mtu aliyevunjika mguu. Sina ugomvi na wewe kaka, nakwambia ninachokiona mezani kila wiki. Badilisha namba, kata bima inayostahili, panda bei kidogo. Wateja tutakuletea sisi wenyewe.

Ngaramtoni Namba Njano
Nitalifikiria. Ila usiseme wote ni matapeli.

Sakina Bima
Sijasema.

Mlima na Bahari
Wa Kigamboni mkikodi gari, jamani, msiliingize mchangani! Nimeona kwa macho yangu. Vijana walikuja na Harrier ya kukodi, maji yamekupwa, mchanga umekuwa mgumu na mpana kama uwanja wa mpira, wakalishusha mpaka chini kabisa wapige picha na bahari nyuma. Wakawasha muziki. Sisi watu wa mlimani bahari tunaijua ya kwenye picha, hatujui kwamba inarudi. Tena ilikuwa bamvua, mwezi mpevu, na kwenye bamvua maji ya Dar yanapanda zaidi ya mita tatu. Yalianza kama mchezo, yanalamba matairi ya mbele. Wanawasha, matairi yanachimba. Wanasukuma, yanachimba zaidi. Wavuvi walikuja na kamba na mbao, wakawaambia bei, wale vijana wakaanza kubishana bei huku maji yako kwenye milango! Mpaka wanakubaliana, viti vya mbele vimeshaloa.

Lilitolewa usiku maji yalipokupwa tena. Sasa hebu mpigie mwenye gari umwambie injini imekunywa chumvi. Muulize mvuvi yeyote saa za maji kujaa kabla hujapaki, atakwambia bure.

Binti Pasua
Na wale wavuvi wana haki yao, kamba zao na migongo yao. Watu tunapenda kubishana na mtu anayekuokoa.

Himo Njia Panda
Mimi siwaelewi. Mtu yuko Arusha au Moshi, anakwenda bahari ya Dar kufanya nini? Pitia Holili, Taveta, Voi, uko Mombasa. Ni karibu kuliko Dar, lami tupu. Mombasa tuktuk zimejaa, Likoni mtu wa miguu anavuka kivuko bure, na siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu inakupeleka upande wa Diani bila hata kugusa kivuko. Gari la kukodi la nini?

Chalii wa Ngarenaro
Pasi ya kusafiria au hati ya muda kwa kila kichwa, watoto na bibi humo humo. Umesahau hilo.

Himo Njia Panda
Ni jambo la kujipanga tu.

Dereva wa Msimu
Na atakayetaka kuvuka na gari la kukodi Holili ajue atahitaji barua ya mwenye gari inayoruhusu livuke mpaka, kibali cha forodha na ile bima ya kadi ya njano ya COMESA. Ukikosa kimoja unapaki upande huu unavuka kwa miguu. Himo, dada ameuliza Dar. Kwa watoto wa miaka 4 na 9 na bibi, kuvuka mpaka ni siku nzima ya kusimama kwenye mistari.

Himo Njia Panda
Kwenye basi la Dar anasimama?

Dereva wa Msimu
Anakaa.

Mama Wawili Njiro
Wakuu, Mungu awabariki. Nimewasomea mama na baba watoto wote wawili, sebule nzima ilinyamaza kwenye habari ya kiboksi cha barafu. Mama amesema dawa zake za presha atazishona kwenye pindo la kitenge kama ni lazima.

Tumeelewana hivi, tutalala Kunduchi. Siku ya kufika tunachukua dereva wa kutusubiri stendi ya Magufuli. Bahari iko mbele ya mlango, Mbudya boti iko hapo hapo, gari hatukodi la kukaa nalo. Ila baba watoto hajakubali yaishe, anataka siku moja tuende Bagamoyo, watoto waone magofu ya Kaole na Ngome Kongwe, na siku nyingine kivuko cha Kigamboni kwa ajili ya mama, maana tangu asikie habari za mama mkwe wa mzee wetu haongei kingine. Kwa Bagamoyo, nichukue gari na dereva au nikodi la siku moja?

Kijenge Juu
Kodi.

Dereva wa Msimu
Gari na dereva. La siku moja kujiendesha utapoteza asubuhi kukagua na kusaini, jioni kukimbizana na muda wa kurudisha. Kutoka Kunduchi mko upande wa Bagamoyo tayari, mnapanda Tegeta, Bunju, mnatoka mjini, foleni yote inawapita upande wa pili. Elewaneni bei ya siku nzima, mafuta na chakula cha dereva humo ndani, na mkubaliane atawasubiri. Bajaji msiende nayo, ni mbali na kule barabarani malori yanakimbia.

Kwa siku ya kivuko ondokeni asubuhi, siyo jioni. Jioni watu wa kazini wanarudi Kigamboni, na msukumano wa getini hauwafai wenye magoti. Mama asubiri abiria wengi watangulie, aingie nyuma yao taratibu.

Soweto ya Moshi
Na vuli ikikolea muangalie Jangwani. Maji yakijaa wanafunga barabara ya Morogoro pale, na Dar nzima inakaza. Siku ya mvua kubwa bakini ufukweni.

Sakina Bima
Kwenye gari na dereva angalia namba nyeupe.

Ngaramtoni Namba Njano
Haya sasa.

Binti Pasua
Dada, nimekutumia pembeni namba ya dereva aliyetusaidia sisi. Ni baba mtu mzima, anaendesha taratibu, na kwenye gari lake hapigi muziki watoto wakilala. Mpigie wiki mbili kabla, Desemba anachukuliwa mapema.

Mzee wa Kiborloni
Mama akifika kwenye kivuko akae upande wa kulia mkitokea mjini. Huko ndiko meli zinapopita.

Himo Njia Panda
Kuna wengine humu wanakwenda Mombasa Krismasi? Nina siti mbili kwenye Noah, namba nyeupe, bima zote zipo.

Soweto ya Moshi
Kadi halisi unayo?

Himo Njia Panda
Ninayo, na gazeti la leo.